Sahani ya Mjapani

Iguguno

Mke mwenzangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Tu wazima, alizeti zimechanua, na mume wetu, babu yako, bado anagombana na jogoo.

Unasema unataka kuacha Kijapani kwa sababu ya "kagiri", ile "maadamu" yao. Mbona mimi naijua! Nilipokuwa msichana, Mjapani mchimba visima alikula kwetu. Kwao kubakiza chakula ni dharau, kwa hiyo alimaliza ugali na mlenda wote. Kwetu sahani tupu maana yake mgeni hajashiba, basi mama akaongeza. Akamaliza. Mama akaongeza. Kwenye sahani ya nne jasho likamtoka, nikamnong'oneza, "Kaka, bakiza kidogo."

Akabakiza tonge moja.

"Haya, sasa ameshiba!" mama akasema.

Mjapani alicheka hadi machozi. Akaandika Kijapani daftarini, akanisomea, kisha akanitafsiria: "Maadamu namaliza, mama anaongeza." Kagiri nikaijua siku hiyo.

Usiache. Mpelekee mwalimu wako sentensi hii kwa Kijapani: maadamu bibi anasonga ugali, Neema hatamaliza sahani. Kisha njoo likizo uihakikishe.

Bibi yako