Kandege ka Nyuma ya Jikoni

Jumanne, 26 Novemba 1963

Zahanati. Vidonda na vikohozi, kama kawaida. Nimerudi saa kumi, nimemkuta mwanangu Musa amelala kikapuni, mama mkwe anapukuchua mahindi. Macho yake sasa yanaona mwanga na kivuli tu. Lakini kaninyooshea kidole: siafu wako migombani. Kweli walikuwepo. Kaambiwa na kale kandege ka kichakani nyuma ya jikoni, kenye kifua cha rangi ya chungwa. Siafu wakitembea, kanawafuata kudaka wadudu wanaokimbia, na wimbo wake unageuka makelele. Mama mkwe akiyasikia humwinua Musa, humwaga majivu ya moto upande ule. Ndivyo ninavyoweza kwenda kazini.

Ijumaa, 29 Novemba

Kaja Lihanda, mdogo wa mume wangu. Ati chifu anataka maboma ya kando ya barabara yawe safi kabla ya Uhuru. Lihanda siku hizi ni kijana wa chama, kofia haivui hata akila. Anataka kufyeka kichaka. Nimekataa, nimemweleza sababu. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, mama anasikilizanga ndege kama redio!"

Mume wangu yuko Kisumu kwenye reli. Basi kila mwenye suruali hapa ni bwana wangu. Hasira tupu.

Jumatatu, 2 Desemba

Kafyeka. Nikiwa kazini. Kisha akachoma. Pamebaki visiki na majivu. Mpumbavu! Mpumbavu mwenye panga! Mama mkwe alikuwa mlangoni ananusa moshi. Mimi nimesema ya kutosha kwa wawili.

Jumatano, 4 Desemba

Kimya. Mama mkwe kila saa: "Kanalia?" Hapana, Mama. Nimeomba ruhusa zahanati, wamekataa. Nimemwomba jirani awe anachungulia. Atachungulia, lakini ana shamba lake.

Jumamosi, 7 Desemba

Siafu. Mchana, mvua ilipokatika.

Mama mkwe alisikia mtoto anapiga kelele, akamnyakua kikapuni, akatoka naye mbio. Akasimama uani katikati ya msafara wenyewe, asijue. Wakawapanda wote wawili. Alikuwa anawang'oa mwilini mwa Musa kwa vidole na kwa meno, na yeye miguu yake inaliwa. Jirani ndiye aliyewavuta. Nilifika nikatoa vichwa kwa kibano, maana siafu hata ukimkata, kichwa kinabaki kimeuma. Jicho la kushoto la Musa limefungwa kabisa. Ana homa. Sijui kama ataamka na jicho.

Kisha nikamfuata Lihanda sokoni. Nikamtukana mbele ya watu wa chama, nikamvua kofia nikaitupa matopeni. Mke wa watu hamtukani shemeji hadharani. Najua. Na ningekuwa na mwiko mkononi ningempiga nao.

Jumatatu, 9 Desemba

Homa haijashuka. Lihanda kaja na jogoo, ati tuyamalize. Tuyamalize yapi? Mama mkwe kamwambia arudi naye. Shangazi za mume wangu wamekuja pia, wamekaa, wamekunywa chai yangu: nimeuaibisha ukoo, niombe msamaha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto kalalaje. Kwendeni huko!

Walipoondoka, mama mkwe akasema nitafute msichana wa kumshika Musa. Yeye basi, hamshiki tena. Nikamfokea hata yeye. Tangu Jumamosi hajamgusa Musa.

Alhamisi, 12 Desemba

Uhuru. Wote wamekwenda mjini, ngoma zinasikika mpaka huku. Tumebaki watatu.

Homa ilikwisha jana. Leo jicho limefunguka, jekundu, lakini linafuata kidole changu.

Mama mkwe ameketi mkekani, mikono ameifunga ndani ya leso. Sikumwuliza. Nimemweka Musa mapajani pake, nikaingia jikoni kusonga obusuma, ugali wetu, mlango nikauacha wazi. Nilipochungulia, mikono ilikuwa imetoka. Anampapasa. Vidole vya miguu, magoti, kwapani, shingoni, nyuma ya masikio. Akimaliza anaanza tena miguuni. Musa anacheka, anadhani anatekenywa. Yeye hacheki. Nimepakua, nimemwita mara mbili. Chakula kimepoa, bado anapapasa.