Meza Mbili za Kuandikia Ukoo

Gatitu, Nyeri

Baba,

Mvua imenifungia nyumbani, kwa hivyo nimeketi mahali pako. Kahawa uliyopanda karibu na choo imechanua. Mama anakula vizuri siku hizi, ila bado anakuwekea kikombe, na hakuna anayethubutu kumwambia kitu.

Nikupe habari za kitabu chako cha ukoo. Ulipotuacha, Baba Mdogo Kariuki alikusanya karatasi zako zote, akazipeleka mjini zikashonwa na kutiwa jalada gumu jekundu. Alifanya kwa mapenzi. Kisha akampa mpiga taipu, mgeni wa huku. Kazi ikarudi na Cucu Wanjiru, mama yako, aliyefariki wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, akiolewa Sagana baada ya uhuru na kuzaa mapacha. Nilicheka, Baba. Halafu nikalia. Yule mgeni hakujua kwamba kwetu mtoto hupewa jina la nyanya yake. Alidhani Wanjiru wa kurasa za mwanzo na dada yangu Wanjiru wa kurasa za mwisho ni mtu mmoja, akawaunganisha. Na Cucu, ambaye hatujui hata kaburi lake, akapotea mara ya pili.

Ndipo nikaelewa meza zako mbili, zile tulizozinung'unikia kwa sababu tulikula sahani zikiwa magotini. Kushoto karatasi za wazee waliotangulia, kulia zetu sisi tulio hai, nawe katikati, ukigeuza shingo huku na huku kabla ya kuandika mstari mmoja. "Siwezi andika mtoto kama sijaona mwenye jina," ulikuwa ukituambia.

Basi nilichukua kisu cha jikoni nikakata nyuzi. Baba Mdogo alinikuta. "Kitabu imeshonwa vizuri hivyo, unaharibu ya nini?" Nilimwekea ukurasa wa Cucu kushoto na wa Wanjiru kulia. Alisoma huu, akasoma ule, akarudi tena kwa huu. Kisha akavua kofia na kwenda kuleta meza ya kwake, iwe ya pili.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka jana, nilipofikia ukurasa wako. Bado ulikuwa kulia, pamoja nasi, kwa mwandiko wako mwenyewe. Nami nimejifungua, Baba. Ni mvulana wa pili, na huyo hupewa jina la baba ya mama yake, kwa hivyo ni Mwangi kama wewe, na nikimbembeleza namwita Baba, kama desturi yetu. Ilibidi nimwandike. Nilikaa na karatasi yako mkononi mpaka akaamka akilia. Sikutaka. Sikutaka kabisa. Mwishowe nikakuhamisha kushoto, kando ya mama yako, nikamwandika mtoto huku nikikutazama.

Pumzika sasa. Nakuahidi kitabu hiki hakitashonwa tena kabla sijawasoma nyote wawili kwa pamoja, wewe na huyu mdogo. Jina lako nimempa, Baba. Mahali pako sitampa mtu.

Binti yako,
Nyambura