Mkunjo Unaofunguka Wenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Muuguzi mkuu kanijia juu. Ukurasa wa mtandaoni wa huduma ya kwanza niliotengenezea zahanati yetu haufai! Katafuta neno "kuzimia", simu ikamwambia halipo. Lipo — ndani ya mkunjo uliofungwa, ile sehemu inayoonyesha kichwa cha habari tu hadi uiguse, na kilichofichwa kabisa hakitafutiki. Nikiacha mikunjo yote wazi, simu za zamani zinatambaa kama konokono. Haraka haraka haina baraka, lakini mgonjwa hangoji methali.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Maneno yanabaki ndani ya mkunjo. Kivinjari, programu ya simu inayofungua kurasa, kinayasoma ila hakiyachori kwenye kioo mpaka mtu ayatafute. Yakipatikana, mkunjo unafunguka wenyewe. Ukurasa mwepesi kabisa. Nimeweka na kengele: mkunjo ukifunguliwa kwa kutafutwa, kompyuta yangu inalia na kunitajia ni upi. Nimemtumia dada peke yake ajaribu. Anaishi na mama, na simu yake ni ya kale.

Jumatano, 5 Machi
Kengele. "Maumivu makali ya kichwa." Nikampigia dada. Hajagusa kitu, eti simu ilikuwa kwenye chaji jikoni. Akanicheka: nimekosa kazi, nachungulia simu za watu. Mama? Mama hajui kusoma. Nikamuuliza: na kichwa chako je? Kinamgonga kidogo, uchovu tu, nisimtie mama hofu.
Nimepekua kazi yangu mstari kwa mstari. Sioni kosa.

Alhamisi, 6 Machi
Tena. "Macho kuona ukungu." Dada anaapa hajatafuta. Kisha akauliza nimejuaje kuhusu macho yake.
Nimemsihi aje zahanati. Kesho, anasema. Dada na kesho zake! Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi — mchana
Hakuja. Nimepiga, kapokea mama. Dada yako kalala tangu asubuhi, mwanangu, kachoka, mwache.
Mama akiwa bado anaongea — kengele. Mkunjo wa mwisho kabisa: "Mgonjwa asipoitika." Kutoka simu ya dada. Hiyo hiyo iliyo sikioni mwa mama!
Gari la wagonjwa limeshatoka, muuguzi mkuu yumo. Naandika huku nasikiliza. Simu iko kwenye spika. Nimemwambia mama akamwamshe. Nasikia kandambili zake. Mlango. Anamwita kwa sauti ya kawaida. Anamwita tena, kwa ukali.
Sasa anamwita kwa lile jina la utotoni, ambalo dada alishatukataza sote. Akiitwa hivyo huwa anakuja juu.
Kasirika, dada. Kasirika!