Anayeonja Kwanza

Jumatatu, 2 Septemba

Masomo yamefunguliwa leo. Sikufundisha. Nilikuwa hospitalini na papa.

Daktari ni kijana, pengine tunalingana umri. Hakupinda maneno. Kile kidole cha mguu tulichokata, muzee, kilikuwa onyo. Sukari ikiendelea hivi tutakata mguu, na baada ya mguu tutaacha kukata kwa sababu haitasaidia tena. Sucré, hizi soda, basi. Fanta, Coca, zote. Papa alitikisa kichwa kama anavyofanya kanisani mahubiri yakirefuka. Tulipofika nje akaniuliza kama "zote" ni pamoja na ile ya ndimu.

Nyumbani nilivuta kreti chini ya meza, nikazimimina kwenye sinki, chupa baada ya chupa. Yeye alisimama mlangoni na fimbo yake. Ningeweza kungoja alale. Nilitaka aone. Povu la rangi ya chungwa lilipanda, likashuka, likaacha alama.

— Na weye, maman? aliniuliza.

Ananiita maman kwa kuwa nina jina la mama yake, Adèle. Pia ananiita hivyo anapotaka kitu.

Lakini ana haki. Mimi ni wa Coca: kabla ya darasa, mchana, jioni nikisahihisha. Daktari alinichoma kidole na mimi, maana ugonjwa huu unafuata damu, na akakunja uso. Basi. Tumeapa wote wawili mbele ya picha ya mama. Papa alilia. Mimi nilihisi kitu kilichofanana na furaha.

Jumatano, 4 Septemba

Kichwa! Kama kuna fundi anapiga bati nyuma ya macho yangu. Msichana wa mstari wa mbele aliuliza kongosho ni nini. Nilimjibu mpaka akalia.

Papa hana shida yoyote. Anaimba. Hii inaniudhi kuliko kichwa.

Tumegombana kuhusu wageni. Nilisema: chai. Alinitazama kana kwamba nimependekeza tuwapokee uchi.

— Wapi uliona mugeni anakunywa mayi sawa mbuzi?

Hajapandisha sauti hivyo tangu mama azikwe. Nilikubali, kwa masharti. Kreti mpya ya wageni inakaa chumbani kwangu. Ufunguo unakaa shingoni mwangu. Mgeni mmoja, chupa moja, na chupa inatoka mkononi mwangu tu.

Jumapili, 15 Septemba

Kimashine cha nyumbani kimeonyesha sukari imepanda. Imepanda! Nimepekua nyumba nzima. Nyuma ya kabati, ndani ya buti zake, ndani ya sanduku la nyimbo za kwaya. Nilimwambia asimame nikapekua na kiti. Alikaa kwenye kitanda na rozari, mpole kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Akasema pengine mashine ndiyo inaumwa.

Mimi sijagusa hata tone. Nimepita mbele ya friji la kiduka cha kona kila siku, chupa zinatoa jasho, na nimepita. Anayeweza, anaweza. Yeye hawezi kwa sababu hataki. Nimemwambia hivyo mezani.

Jumanne, 17 Septemba

Nimejua.

Nilirudi mapema, mvua ilikuwa imeingia darasani. Tonton Philémon alikuwa sebuleni. Ni rafiki wa papa tangu ofisi ya forodha, sauti ya besi kwenye kwaya, anateremka kutoka mtaa wa Kasha karibu kila siku na viatu vyake vilivyojaa udongo. Asubuhi nilikuwa nimeacha chupa yake mezani, kwa kuwa alikuwa ameahidi kuja. Nikasimama koridoni nikatazama.

Papa ni mtu wa zamani. Katika mji huu hakuna anayekunywa kitu kilichofunguliwa asipoona, kwa ajili ya karuho, hiyo sumu ambayo watu wanaiona katika kila kikohozi. Vijana wanatosheka na kusikia kizibo kikilia. Papa hatosheki. Anafungua mbele ya mgeni kwa kifungulio anachokifunga kwenye mkanda, kisha mwenye nyumba anaonja kwanza. Halafu ndiyo mgeni anapokea. Alifanya hivyo maisha yangu yote. Sikuwahi kulifikiria, kama mtu asivyofikiria ishara ya msalaba.

Leo nilimwona akionja. Alijaza glasi nzima. Akafumba macho. Koo lake lilipanda na kushuka, polepole, mpaka glasi ikabaki na povu tu. Tonton Philémon alipokea kilichobaki chupani, vidole viwili hivi, akakishika kwa heshima bila kukinywa, akingoja kama papa ataomba tena.

Wiki mbili! Ndiyo maana hatujawahi kuwa na wageni wengi hivi. Kwaya nzima inakuja kumsalimia mgonjwa, na mgonjwa anawaonjea.

Niliingia. Papa alificha glasi nyuma ya mto, mtu wa miaka sabini. Philémon hakuficha kitu.

— Adèle, mwachie muzee. Siku atakufa, utabakia na ile ufunguo yako kwenye shingo.

Nilimwambia nyumba yake iko Kasha na njia anaijua. Papa alinisihi nimwombe radhi. Sikuomba.

Jumapili, 22 Septemba

Nimefanya jambo. Naandika wakati mikono bado imetulia.

Baada ya misa walikuja watatu: tonton Philémon, mke wake maman Emérence, na tantine Cibalonza, dada ya papa, aliyepanda jana kutoka Luvungi na mfuko wa mchele na anakaa kwetu wiki hii. Papa alikuwa amekwisha kuvaa mkanda. Aliniita nilete chupa.

Nilizifungua jikoni. Nilimimina kwenye glasi nne, tatu za Fanta na moja ya maji kwa papa. Nikazipanga kwenye sinia yenye maua, ile ya mama, nikaingia nazo.

Nilijua. Hakuna mtoto wa Bukavu asiyejua. Msichana anayeleta glasi iliyomiminwa nyuma ya ukuta, ni afadhali alete kisu. Lakini kama hakuna chupa ya kufungua, hakuna ya kuonja. Nilitaka kuona uso wake atakapoelewa.

Nikauona.

Tantine aliisukuma glasi yake kwa kidole kimoja mpaka katikati ya meza. Alisema tumbo limejaa mchele. Maman Emérence alisema yuko kwenye novena, amefunga. Papa alitazama sinia, akatazama kifungulio kwenye mkanda wake.

Kisha tonton Philémon akachukua glasi. Akanywa yote, bila kupumzika, akinitazama mimi. Akachukua ya mke wake, akanywa. Akachukua ya tantine. Maman Emérence alimshika mkono, tonton akauchomoa. Alipomaliza alijifuta mdomo na kumwambia papa:

— Asante, ndugu yangu. Kwako, iko tamu siku zote.

Alifanya kwa ajili ya jina la papa. Najua. Niliona pia kwamba weupe wa macho yake si weupe, ni njano kama mafuta ya mawese. Niliona hivyo hata mwezi wa saba. Sikumwambia wakati ule na sikumwambia leo.

Walipokwenda, papa alisema mama yako angekupiga kofi. Nilikubali kwamba angenipiga.

Alhamisi, 26 Septemba

Hakuna aliyekuja. Tantine amerudi Luvungi kabla ya siku yake. Tangu Jumapili alikuwa akijipikia mwenyewe na kulala na birika lake. Kwa majirani alikwenda mara mbili. Sikumuuliza kusema nini.

Papa anakaa barazani, uso barabarani. Wanaopita wanasalimia kutoka kwenye geti, wakiwa wanatembea. Mama mmoja wa kanisa, aliyekuwa haachi kuja kwetu, alisema atapita "siku moja".

Sukari imeshuka. Imeshuka vizuri sana. Nilimwonyesha namba. Akasema:

— Umeshinda, maman.

Ndiyo. Nimeshinda.

Jumapili, 29 Septemba

Tonton Philémon amelazwa. Tumbo limevimba hata shati halifungi. Tumesikia kanisani, si kwa kuambiwa, kwa kusikia. Nilipokaa kwenye benchi, benchi ilibaki tupu.

Ni ini. Nafundisha ini! Lilikuwa linakufa kwa miezi, pengine miaka. Lakini tumbo lililovimba baada ya glasi iliyotoka jikoni — mji huu una jina moja tu kwa kitu hicho.

Maman Emérence alinipita mlangoni. Hakunitukana. Aliivuta kanga yake isiniguse.

Jumatano, 2 Oktoba

Amekufa alfajiri.

Papa alitoa sauti ambayo hakuitoa hata kwa mama. Alitaka kwenda kwenye matanga sasa hivi, na viatu vya nyumbani. Mtu alituma ujumbe kwamba muzee Léopold, ndiye papa, angoje kwanza, familia ya marehemu itasema. Papa amevua viatu. Hajala. Chini ya bandeji kuna harufu mpya, na kidole cha pili kimekuwa cheusi. Nimemwambia kwamba angesikiliza tangu mwanzo, Philémon hangelazimika kuwa shujaa. Aligeukia ukuta.

Ijumaa, 4 Oktoba

Delphin, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuja na baba zake wadogo wawili. Walisimama. Hakuna aliyekubali kiti. Delphin alinifundisha kuendesha baiskeli nilipokuwa mdogo. Leo aliongea kama anasoma tangazo. Kwamba wao ni watu wa Mungu, hawashtaki mtu. Kwamba vijana wa Kasha lakini ni vijana, na wanaijua nyumba hii. Waliuliza ni mukono gani ulimimina, wa muzee au wa nani.

Nikasema ukweli. Nilidhani ukweli ni dawa. Nilieleza yote: kidole, daktari, kuonja, ufunguo, kwamba nilimimina jikoni ili papa asipate hata tone. Nilieleza na ini. Nilieleza vizuri, kama ubaoni.

Delphin alisikiliza mpaka mwisho.

— Kwa hiyo ni weye ulimimina, akasema.

Mmoja wa baba wadogo alitikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepata alichokuja kutafuta.

Ndipo papa akainuka. Akasema mutoto hana kosa. Akasema mwenye nyumba ni yeye, na katika nyumba yake hakuna mgeni aliyewahi kunywa kabla yake isipokuwa siku ile moja. Basi atailipia siku ile. Wakatoka nje wakashauriana. Waliporudi wakasema: kesho, Kasha, mbele ya wote. Muzee Léopold atafungua chupa ya kila mzee atakayekaa chini ya hema, na ataonja kwanza. Akimaliza, neno limekwisha.

Ya kila mzee. Philémon alikuwa mtu wa watu.

Nilisema nitaonja mimi. Delphin hakunitazama hata. Aliyemimina haonji, alisema, hiyo kila mtu anajua.

Walipokwenda nilimpima. Kimashine hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba iko juu kuliko kinavyoweza kusoma. Daktari, kwenye simu: kidonda kinachooza kinapandisha sukari hata bila soda, mlete leo, mlete sasa, asiweke kitu kitamu mdomoni. Papa amesema hospitali baada ya matanga. Nikapiga kelele. Akaniambia nipige pasi koti la kwaya.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimepiga pasi.

Gari la Delphin liko kwenye geti, injini haijazimwa. Kuna vijana wawili nyuma, siwajui. Papa ananyoa ndevu. Anaimba ule wimbo wa kuingia, si kwa sauti yake, kwa ile besi ya Philémon. Haifiki chini inakotakiwa, inakatika, anarudia. Kifungulio amekifungia kamba mpya.

Ufunguo bado uko shingoni mwangu. Ningeweza kumfungia chumbani, dakika moja tu, wakati anatafuta fimbo. Halafu hawa walio kwenye gari wangeingia, na wasingeingia na chupa.

Nimemwambia aonje kwa ulimi tu. Papa, lowesha midomo tu, hakuna atakayepima. Alisema watapima, maman. Wote watakuwa wanatazama koo yangu.

Sijui anakwenda kuniokoa au anakwenda kunywa. Nimemtazama uso mzima kwenye kioo na sijui. Na mimi, naandika haya nikiwaza hema, na makreti chini ya hema, na vizibo vikilia kimoja kimoja — na mdomo wangu umejaa mate.

Wamepiga honi.

Amemaliza kunyoa. Amesimama mlangoni mwa jikoni na fimbo, pale pale aliposimama siku ya sinki. Soksi ya mguu mbaya imelowa tayari. Ameniuliza kwa sauti ya chini, bila kunitazama, kama nadhani chupa zitakuwa za baridi.