Makaratasi ya Fundi Baiskeli

Baba,

Shikamoo. Najua marehemu hasalimiwi hivyo, lakini sijapata namna nyingine ya kuanza kuzungumza nawe.

Miezi mitatu sasa. Banda lako la baiskeli hapa Bombambili limefungwa, na wateja bado wanakuja kusukuma mlango kana kwamba umetoka tu kwenda kunywa chai. Mimi mwenyewe siku nyingine nasahau, nakuwekea kipande cha muhogo. Halafu nakumbuka, nakaa chini.

Nataka nikueleze habari za sanduku lako.

Unajua mji ulivyokucheka. Kila ukisikia mzee fulani amefariki, ulinawa grisi, ukavaa koti, ukaenda msibani. Siku ya kuanua tanga, ndugu wanapogawana nguo na majembe, wewe uliomba zile karatasi wanazotaka kuchoma. Waliosema unawinda hati za viwanja vya watu walisema mpaka wakachoka. Hukuwajibu. Ulirudi na stakabadhi za kodi ya kichwa, picha ya askari mweusi aliyepelekwa kupigana vita vya Wazungu, vipeperushi vya wapigania uhuru wa Msumbiji waliowahi kuishi huku kwetu. Kila kimoja ulikitia kwenye bahasha, ukaandika kwa penseli jina la mwenyewe na alikotoka, ukaiweka sandukuni. Hukuvuka darasa la saba, Baba, lakini sijaona mtu anayeshika karatasi kwa adabu kama wewe. Ulikuwa ukinionyesha alama ya kidole iliyopigwa kwa wino chini ya karatasi, ukiniambia, "Historia ya mtu mweusi imeandikwa na watu waliokuwa wakimhesabu. Lakini hili dole gumba aliliweka mwenyewe."

Basi, ikafika zamu yako. Siku ya kuanua tanga lako, Baba Mdogo Otmari aligawa vitu vizuri tu: baiskeli, koti, redio. Kisha akalitoa sanduku uani, akaomba kiberiti. "Karatasi za marehemu zikibaki ndani zinaleta kesi," alisema, na wazee wakaitikia. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi. Miaka yote nilikuona ukidhihakiwa nikanyamaza, na nakiri, utotoni hata mimi nilikuonea haya. Siku ile nilishindwa kunyamaza. Niliwaomba jambo moja: kabla hazijaungua, niyasome majina yote, kama tunavyosomewa majina ya marehemu kanisani mwezi wa Novemba. Hapo hakuna aliyeweza kunikatalia.

Nikasoma. Nikafika kwenye mkataba wa yule manamba, kijana wa Mbesa aliyepelekwa Tanga kukata mkonge, ule ulioupata kwenye msiba wa karani mmoja. Nikatamka jina: Issa Likwata.

Mama Shabani akaangusha sufuria. Ndiyo, Mama Shabani huyu huyu wa vitumbua, jirani yetu wa nyumba ya tatu.

"Rudia, mwanangu."

Nikarudia.

"Yarabi! Ni baba yangu huyo. Aliniacha tumboni, hakurudi. Sijawahi kuona hata unyayo wake."

Baba, ulipanda basi mara mbili kwenda Mbesa kutafuta ndugu za mtu huyo. Uliulizia hospitalini, ukaulizia msikitini. Na kila asubuhi ulikuwa unakula vitumbua vya binti yake! Ndivyo tulivyo, mwanamke akishazaa, tunamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na la baba yake hakuna anayeliuliza tena. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Wewe ungecheka mpaka ukohoe.

Mama Shabani alijifuta mafuta kwenye kanga, akaweka dole gumba lake kando ya lile la baba yake kwenye mkataba, bila kuligusa. Baba Mdogo akatia kiberiti mfukoni. Baada ya muda akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Hebu tazama kama na babu yetu yumo."

Sanduku liko chumbani kwangu sasa. Mama Shabani amekataa kuichukua karatasi yake, anasema kwako ilikaa salama. Huja Ijumaa baada ya swala, akaitazama, akarudi kwake. Na watu wameanza kuniletea zao. Wale wale waliokucheka, Baba! Naringa, nisikufiche.

Lakini jana nilipekua bahasha zote, moja baada ya nyingine, nikitafuta yako. Hakuna. Hata picha hukupenda kupigwa. Umewatunza watu wa mkoa mzima ukajisahau mwenyewe, na hilo limeniuma kuliko siku tuliyokuzika.

Kwa hiyo barua hii naitia sandukuni, iwe karatasi yako ya kwanza. Nakuahidi, nikiwa hai hakuna atakayeisogelea na moto, na nitaendelea kwenda misibani kuomba karatasi wanazotaka kuchoma, wacheke wasicheke. Pumzika sasa, Baba. Juu ya bahasha nimeandika jina lako lote, la ubatizo na la ukoo, na chini yake: fundi baiskeli, Bombambili, aliyetutafuta sote.

Mwanao,
Skola