Vanishi ya Behewa la Saba

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie kabla sijaharibu tena, maana nimeshaharibu mara nne kwa makusudi, na anayejilaumu ni mzee wa watu ambaye hajanikosea lolote tangu niingie nyumbani kwake.

Mimi ni mshonaji wa nguo, nina miaka thelathini na tisa. Mume wangu alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo naishi na baba mkwe wangu, sisi wawili tu, kwa sababu mama mkwe alitangulia zamani na wifi yangu ameolewa mbali. Baba alikuwa seremala katika karakana ya reli, kazi yake ilikuwa mabehewa ya abiria, yale ya zamani yenye kuta za mbao, na mtaani mpaka leo wanamwita Mzee Behewa. Alipostaafu akaanza kuyatengeneza upya kwa udogo, yeye na mwanawe, treni nzima aliyoifanyia kazi ujanani, mabehewa saba, kila sentimita moja ya mezani ni sentimita arobaini na tano za behewa lenyewe, kwa hiyo behewa zima unaweza kulilaza juu ya mkono wako kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Mume wangu alifariki wakiwa wamemaliza mawili.

Miezi mitatu baada ya mazishi nilimkuta Baba amekaa mbele ya ukuta wa behewa la tatu, ameshika brashi na hapaki. Sikujua la kumwambia mtu aliyefiwa na mwana, nikavuta kiti nikasema, nionyeshe. Akanionyesha. Labda utashangaa, kama nilivyoshangaa mimi, kwa nini ubao upakwe rangi ya mbao, lakini Baba alinieleza kwamba nyuzi za mbao halisi ni nene mno kwa kitu kidogo kiasi hicho, ukiziacha behewa linaonekana kama limechongwa kwenye gogo moja, kwa hiyo unazifunika kwanza na rangi ya manjano iliyofifia kama biskuti, ikikauka unachukua rangi ya mafuta ya kahawia, kidogo sana, brashi iwe karibu kavu, unaivuta mara moja bila kurudi nyuma, na kila ubao unaukinga na utepe ili nyuzi zake zisifanane na za jirani, maana, anasema Baba, hakuna mbao mbili zilizozaliwa siku moja. Mwisho ni vanishi, anaichanganya mwenyewe na tone la rangi ya chungwa, na hiyo ndiyo inayoleta ule wekundu wa mbao iliyopigwa na jua miaka mingi. Mkono wangu umezoea sindano, ukashika haraka. Tangu siku hiyo nyuzi nachora mimi, vanishi anachanganya yeye, na magurudumu na viti ni vyake. Asubuhi nashona, alasiri tunakaa mezani, na mshauri, sijui nikuelezeje, lakini pale mezani ndipo tulipomlilia mume wangu bila kutoa machozi.

Sasa mwaka jana miwani ya Baba ilivunjika mkono nikaipeleka kwa fundi miwani, mtu mkimya wa miaka arobaini na nne ambaye hajawahi kuoa, na badala ya kuningoja niifuate akaileta nyumbani mwenyewe, akayaona mabehewa, akasimama nusu saa nzima mikono nyuma bila kugusa kitu. Akarudi wiki iliyofuata eti kukaza skrubu. Nisikuchoshe, mshauri, ameniomba nimuoe, yaani anioe, unaona hata kalamu inanisaliti, nami nampenda. Nilimwambia angoje tumalize treni. Akasema, “Nitangoja. Nimezoea kukaa kituoni.”

Wifi yangu nilimwambia kwa simu, akafurahi kweli, akasema basi Baba atahamia kwake. Wifi anaishi ghorofa ya nne, vyumba viwili na watoto watatu. Baba atapata pa kulala, ila pa kukaa mchana sijui, na meza yetu haipiti hata kwenye ngazi.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Behewa la saba lilikuwa limebaki vanishi tu. Rangi ya mafuta inataka siku tatu ikauke kabla ya vanishi, hilo nalijua kama ninavyojua kutunga uzi. Asubuhi moja Baba alipotoka kwenda kutembea nilichukua chupa yake nikapaka juu ya rangi ya siku moja, na nilikuwa najua ninachofanya. Mchana vanishi ikawa imekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Baba akainama akaangalia sana. Akaniuliza, “Ulingoja siku tatu?” Nikamwambia, “Nilingoja, Baba.” Tukafuta ukuta mzima kwa tapentaini tukaanza upya, nami moyoni nikashukuru kwamba nimepata wiki tatu nyingine za kukaa naye.

Mara ya pili akabadilisha mchanganyiko. Mara ya tatu akatafuta mafuta mapya ya kuchanganyia vanishi mji mzima kwa miguu. Mara ya nne hakuuliza kitu, alibeba ile chupa akaimwaga kwenye mchanga wa uani, akazifunga brashi zake kwenye kitambaa, akasema, “Mwanangu, mkono umenisahau. Maliza wewe, na vanishi utanunua dukani.” Kesho yake alikwenda peke yake kwa fundi miwani kupimwa macho. Fundi aliniambia bila kujua lolote kwamba macho ya mzee ni yaleyale ya mwaka jana, akaniuliza mzee ana hofu gani, nikashindwa kumtazama.

Sasa Baba anakula nusu sahani, hanyoi ndevu, na alasiri ikifika anakaa chumbani na redio. Nikimwambia ukweli ataniuliza kwa nini, na nikimwambia kwa nini ataona nilikuwa nahesabu siku za kumwacha. Nikinyamaza atakufa akiamini ni mkono wake. Na nisiolewe? Au niolewe nimwache? Nani amewahi kuona mwanamke akienda kwa mume mpya amebeba baba mkwe? Mshauri, niambie la kufanya, mimi akili yangu imekunjamana kama ile vanishi.

Wako,
Mshonaji

*

Mwanangu Mshonaji,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikakasirika, na nitaanza na hasira kwa sababu ndiyo yenye haraka.

Kuficha mchumba si kosa kubwa. Mwanamke mzima anaruhusiwa kukaa na siri yake mpaka iive. Lakini ulichomfanyia mzee huyo ni kingine. Seremala aliyetumia mikono yake maisha yote umemfanya aishuku. Kuzeeka anakujua, anakuona kila asubuhi akiinuka kitandani, na huko kuzeeka ni kwake mwenyewe; wewe umemwongezea kusiko kwake. Umemwona akizunguka mji kwa miguu kutafuta mafuta, na bado ukapaka mara ya nne. Ile mara ya nne, mwanangu, ndiyo iliyoniudhi.

Unasema ulitaka kuongeza siku za kukaa naye. Haya, hesabu: sasa yuko chumbani na redio, wewe uko mezani peke yako. Umeongeza nini? Njia ya mwongo ni fupi, na yako imekatika hapo hapo uani, kwenye mchanga.

Hasira imekwisha. Sasa nisikilize.

Kesho, mkishakunywa chai, mchana kweupe, mwite mezani. Akikataa, mbebee ule ukuta wa behewa mpaka chumbani kwake. Mwambie hivi: “Baba, sikungoja siku tatu.” Halafu nyamaza. Usianze kueleza, usijitetee, na tafadhali usilie kwanza, maana ukilia ataacha kukasirika ili akubembeleze, na mzee huyo ana haki ya kukasirika mpaka atosheke. Akitoka nje mwache atoke. Akinyamaza siku tatu, ngoja hizo siku tatu. Zamu hii ngoja kweli.

Akikuuliza kwa nini, na atauliza, mtaje fundi miwani kwa kazi yake na kwa yote mliyosemezana. Usimwambie umefanya kwa mapenzi. Hilo aligundue mwenyewe, likitoka kinywani mwako litanuka udhuru. Mficha uchi hazai, wewe umeficha vya kutosha.

Halafu hili la nani atakaa wapi. Nimeona wifi yako amepanga, wewe umepanga, bado fundi miwani naye atapanga. Mzee aliulizwa lini? Mnamgawana kama kabati la marehemu, na yeye yuko hai chumba cha pili anasikiliza taarifa ya habari. Muulize. Muulize akiwa amekaa na wewe umekaa, na chochote atakachosema usimkatize. Huyo fundi miwani naye mwambie ukweli kuhusu vanishi kabla hajakuoa. Kama anapenda kukaa kituoni, ajue anamngoja abiria wa namna gani.

Na kuhusu mwanamke aliyekwenda kwa mume akiwa na baba mkwe, mimi nimeona makubwa kuliko hayo, na hakuna paa lililoanguka. Mumeo alikufa, ubaba wa yule mzee kwako haukufa. Usiolewe kwa kutoroka, wala usibaki kwa kujificha. Kwanza rudisha mkono wa mzee. Mengine yatafuata.

Mshauri wako

*

Jibu hilo nililituma kwa posta siku ileile barua ilipofika, kwa kuwa mtu hangojeshwi zamu ya gazeti huku mzee hali chakula chake. Juzi, baada ya miezi miwili, Mshonaji ameniandikia tena, na ameniruhusu nichapishe sehemu hii.

“Nilimwambia kama ulivyonielekeza. Nilimbebea ukuta chumbani, nikasema maneno yale manne, nikanyamaza. Akazima redio. Akaupokea ukuta, akaukwangua kidogo kwa ukucha kwenye kona, akauliza kama ni mara zote nne. Nikamjibu zote nne. Akavaa viatu akatoka, nami nikakaa kwenye cherehani nikashona mkono wa shati upande usio wake, nikafumua, nikashona tena upande usio wake.

“Alirudi jua likiwa kichwani. Nilijiandaa kufukuzwa. Alisimama mlangoni akasema, ‘Kwa hiyo vanishi yangu ni nzima.’ Sauti yake, mshauri, ningekupa uisikie. Nikasema ni nzima, Baba, haijawahi kuwa na kasoro. Akaingia jikoni akala sahani mbili akiwa amesimama.

“Lakini alikasirika, usidhani hakukasirika. Siku nne alikuwa ananijibu ndiyo na hapana. Siku ya tano akafungua kitambaa cha brashi, akaniuliza kwa nini, nikamweleza yote. Akasema miwani yake imekazwa skrubu mara tisa kwa mwaka mmoja na yeye si mjinga, ila alikuwa akingoja kuambiwa. Akasema pia kwamba kilichomuuma zaidi ni kwamba nilifikiri atanizuia.

“Nilimuuliza anataka kuishi wapi. Kwa wifi hataki, anasema kule hata mawazo yanapanda ngazi. Kwetu pia hataki, anasema wenye ndoa mpya wapewe nafasi ya kugombana kwa sauti. Anataka nyumba yake na meza yake. Kwa fundi ni mitaa miwili tu kutoka pale, kwa hiyo alasiri zangu zitabaki kama zilivyo. Na fundi nilimwambia habari ya vanishi. Hakucheka, aliuliza tu kama Baba amenisamehe, kisha akaomba kazi. Amepewa madirisha. Anayakata kwa vipande vya plastiki ya lenzi, na Baba ameshamrudishia mawili kwamba hayako sawa.

“Vanishi Baba aliichanganya upya, nami nikaipaka mbele ya macho yake, siku ya nne baada ya rangi, tuliongeza moja kwa usalama. Imetulia kama maji.

“Kulibaki jambo la posa. Wazazi wangu wote wawili hawapo, na mjomba yuko mbali na ni mgonjwa, kwa hiyo fundi alimuuliza Baba kwa heshima wazee wake wapeleke wapi maneno. Baba alikuwa anafunga gurudumu, hakuinua hata kichwa. Akasema, ‘Walete hapa. Huyu ana baba.’”