Chupa Chini ya Samaki

Jumatatu, 9 Machi
Hakuna umeme tena. Bwawa la umeme la Nzilo liko pale karibu, sisi tunakula gizani kama panya. Nakohoa tangu asubuhi. Chimio, ile dawa ya kuua kansa, peke yake haifanyi tena kitu. Kansa ya mapafu imeizoea, banasalimiana tu. Dokta anataka kuichanganya na dawa ingine, ya kuamsha askari ba mwili bapigane na kansa. Nikamuuliza: askari ba wapi? Kama ni ba kwetu, bataomba kwanza bia. Hakucheka.

Alhamisi, 12 Machi
Binti yangu Ngalula amerudi toka Lubumbashi na ile dawa. Ameuza masini yake ya kushona, ndugu bamechanga, parokia imechanga. Yote ile kwa kichupa kimoja. Kinataka baridi, na frigo ya lupitalo, kule kwa dokta, imekufa. Tumekipeleka kwa jirani, Mama Kapinga. Anauza samaki na bia, ana jenereta. Akaniuliza: baridi ya namna gani, Tata? Ngalula akaanza kueleza. Mi nikamukata: kama moyo wako, tangu siku nilikuomba busu. Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.

Jumatatu, 16 Machi
Siku ya serumu, ya kutiwa dawa kwa mushipa. Dawa imekuwa jiwe. Mama Kapinga aliiweka ndani ya congélateur, ile frigo ya kugandisha, chini kabisa ya samaki, mahali pa heshima. Dokta ameitupa. Ilitaka baridi ya maji ya kunywa, basi. Ikiganda imekufa.
Nimekasirika na Mama Kapinga, na dokta, na umeme. Zaidi na hii kinywa yangu iliyomukata Ngalula.

Jumatano, 18 Machi
Mama Kapinga amekuja kulia hapa. Nimemufukuza.

Ijumaa, 27 Machi
Bamechanga tena. Haitoshi. Nimesema baache. Hawasikii. Pumzi fupi. Hata kucheka kunauma, na kucheka ndiyo kazi iliyonibakia.

Jumanne, 7 Aprili
Chupa ya pili imefika na basi, ikaenda mbio lupitalo. Serumu mbili leo, ya chimio na ya hii dawa, moja nyuma ya ingine. Nani alijaza mchango? Nauliza Ngalula, ananyoosha shuka.

Jumapili, 12 Aprili
Mikono inawasha. Labda ni bale askari banaamuka. Sijui.
Nimetembea polepole mpaka kwa Mama Kapinga. Pale congélateur ilikuwa, kumebaki alama tu kwenye sakafu ya sima. Samaki hakuna. Walevi bananung'unika: Mama ameuza baridi yetu. Amenipa soda, moto kama mukojo. Utani ulikuwa tayari mudomoni.
Nimekunywa yote. Nikamuambia: iko baridi muzuri, mama.